UZI: TCAS inavyozuia ndege kugongana angani, na pale isipoweza kuona kitu

Mlinda_Anga

Wakuu, kila mjadala wa ajali za ndege lazima mtu aulize: iweje ndege mbili zigongane wakati kila moja ina rada? Ndege ya abiria haina rada ya kuonea ndege nyingine. Ile iliyo puani inatafuta mvua na dhoruba tu. Waongoza ndege wakishindwa kutenganisha ndege mbili, kinachobaki ni TCAS, mfumo wa ndani ya ndege wa kuonya na kuzuia mgongano, na TCAS haina macho. Inauliza, inajibiwa, inapiga hesabu. Ndege isiyojibu, kwake haipo.

Vifaa vyenyewe: kompyuta ya TCAS, antena ya mwelekeo mgongoni mwa ndege, nyingine tumboni, transponda ya Modi S (kifaa cha redio kinachojibu maswali) yenye antena zake juu na chini, altimita ya redio inayopima kimo kutoka ardhini, kompyuta ya data za hewa, na paneli ya kuchagulia modi. Maswali hutoka kwa megahezi 1030, majibu hurudi kwa 1090. Transponda ya Modi S hutangaza anwani yake kila sekunde hata bila kuulizwa. TCAS ikiisikia anwani hiyo, inaanza kumuuliza mwenyewe kwa anwani yake.

Umbali unapatikana kwa saa. Mawimbi ya redio husafiri karibu mita 300 kwa mikrosekunde moja, kwa hiyo maili moja ya baharini kwenda na kurudi ni mikrosekunde 12.36. Ukiondoa ucheleweshaji uliopangwa ndani ya transponda, mikrosekunde 128 kwa Modi S, unabaki na umbali safi. Kimo kinakuja ndani ya jibu lenyewe, kwa hatua za futi 25 kwa Modi S au futi 100 kwa Modi C, aina ya zamani zaidi.

Mwelekeo ndio udhaifu. Antena inakadiria jibu limetoka upande gani, na kosa la digrii 5 ni la kawaida. Kwa umbali wa maili 10, digrii 5 ni karibu maili 0.9 pembeni. Huwezi kumwambia rubani "pinda kulia" kwa kipimo kama hicho, na ndiyo maana TCAS II huamuru kupanda au kushuka tu.

Hesabu kuu ni ya muda: umbali ukigawanywa kwa kasi ya kukaribiana. Ndege mbili zinazokuja uso kwa uso kwa jumla ya noti 900 zinakula robo maili kila sekunde. Juu ya futi 20,000 onyo la kwanza, TA, hutoka zikibaki sekunde 48, yaani maili 12. Amri ya kukwepa, RA, hutoka zikibaki sekunde 35, yaani maili 8.75. Kwa macho, kwa umbali huo, ndege ni nukta.

Mwanafunzi_wa_Anga

Mkuu shukrani sana. Swali: kama inatumia muda peke yake, vipi kuhusu ndege mbili zinazoenda upande mmoja, moja inaikaribia nyingine taratibu? Kasi ya kukaribiana ikiwa ndogo, hesabu itasema bado dakika nyingi, kumbe ziko mita chache.

Mlinda_Anga

Umeuliza swali lenyewe hasa. Kwa sababu hiyo kuna umbali wa chini kwa kila ngazi ya kimo, ambao ndege ikiuvuka onyo linatoka hata kama muda unaonekana mwingi. Kwa RA juu ya futi 20,000 umbali huo ni maili 1.1. Kati ya futi 10,000 na 20,000 ni maili 0.8, kati ya 5,000 na 10,000 ni 0.55, na karibu na ardhi unafika 0.2.

Muda nao unapungua ukishuka. Futi 10,000 hadi 20,000: TA sekunde 45, RA 30. Futi 5,000 hadi 10,000: TA 40, RA 25. Chini ya 5,000: TA 30, RA 20. Kati ya futi 1,000 na 2,350 kutoka ardhini: TA 25, RA 15. Chini ya futi 1,000 kutoka ardhini hakuna RA kabisa, TA peke yake kwa sekunde 20.

Sababu ya kupunguza ni kwamba karibu na viwanja ndege hukaribiana kihalali muda wote. Ungeacha sekunde 35 kwenye njia ya kutua, kengele ingelia kila safari, na kengele inayolia kila safari marubani huacha kuiamini.

Fundi_Transponda

Naongeza jambo kuhusu Nairobi. Ngazi mbili za chini kabisa hupimwa kutoka ardhini kwa altimita ya redio, lakini kuanzia hapo kwenda juu zinapimwa kwa shinikizo la hewa. Kiwanja cha ndege cha Wilson kiko futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Ndege inayoruka Dar es Salaam itapita ngazi zote kwa mpangilio. Inayoruka Wilson, ikifika futi 2,350 kutoka ardhini, kwa shinikizo tayari iko karibu futi 7,900. Inaruka ngazi nzima: kutoka RA ya sekunde 15 inaingia moja kwa moja kwenye RA ya sekunde 25. Ndege iliyokuwa kimya kwenye skrini inaweza kugeuka RA bila kupitia TA ya maana. Marubani wa kule wanapaswa kulijua hili.

Na tukitaja Wilson: tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka hapo kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo karibu na Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi ikatua salama. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki. Mazoezi ya wanafunzi na njia za abiria hukutana hapo chini, ambako TCAS ina muda mfupi kuliko wote.

Washington ni mfano mwingine. Tarehe 29 Januari 2025 ndege ya abiria aina ya CRJ700 ilikuwa inakaribia kutua, ikagongana na helikopta ya jeshi kwenye kimo cha kama futi 300. Watu 67 walikufa. TCAS ya ndege ilisema "Traffic, traffic", yaani TA, sekunde kama 20 kabla. RA haikutoka kwa sababu kwa kimo hicho imezuiwa. Kifaa kilifanya kilichoundwa kufanya.

Kibo_Mawenzi

Kwa nini wazuie? Si bora ingesema tu "panda"?

Mlinda_Anga

Amri za kushuka zinazuiwa chini ya futi 1,100 hivi kwa sababu zitakupeleka ardhini, hilo liko wazi. Kupanda nako, kumbuka ndege imeshusha magurudumu, flapu ziko nje, kasi ni ndogo. TCAS haijui kama injini moja imezimika au kama mbele kuna kilima. Ndiyo maana pia onyo la ndege kukosa nguvu ya kuinuliwa na mabawa (stall), la kukaribia ardhi na la upepo mkali wa chini yote yanaipiku TCAS. Yakilia pamoja, hayo ndiyo yanayofuatwa kwanza.

Usukani_Kushoto

Niweke hatua zenyewe chumbani mwa marubani, maana wengi wanadhani ndege inajikwepesha yenyewe. Kwenye ndege nyingi hapana. Kuna Airbus mpya ambazo otopailoti hufuata RA yenyewe, lakini nyingi bado ni mikono ya rubani.

"Traffic, traffic" ikisikika, alama kwenye skrini inageuka duara la njano. Hapo huendeshi ndege kwa kutumia ile skrini. Unatafuta kwa macho, unaweka mkono kwenye usukani, unajiandaa. Kuanza kukwepa kwa TA ni kosa kubwa kwa sababu mwelekeo unaoonyeshwa si wa kuaminika, na unaweza kuhamia kwenye njia ya mwenzako.

RA ikitoka, alama inageuka mraba mwekundu na sauti inaamuru: "Climb, climb" (panda), au "Descend, descend" (shuka), au "Level off, level off" (tulia kwenye kimo). Unaondoa otopailoti, flight director (vielekezi vya kurukia kwenye skrini) zinazimwa kwa utaratibu wa ndege hiyo, unapeleka pua mpaka mshale wa kasi ya wima uingie eneo la kijani na utoke kwenye jekundu. Programu inategemea uanze ndani ya sekunde 5, kwa mvuto wa robo g (robo ya mvutano wa dunia), kufikia futi 1,500 kwa dakika. Amri ikiongezwa nguvu, "Increase climb", au ikigeuzwa, "Descend, descend NOW", una sekunde 2.5 tu na unahitaji kufika futi 2,500 kwa dakika kwa ile ya kuongeza.

Wengine huvuta usukani kupita kiasi, ndege inatoka futi 2,000 kwenye kimo chake na kumwingilia wa juu. Kinachotakiwa ni kidogo: TCAS inalenga kupishana kwa futi 300 karibu na ardhi na futi 600 juu ya futi 20,000. Fuata kijani, usizidishe.

Redioni unasema maneno mawili, "TCAS RA", na baadaye "Clear of conflict" (hatari imepita) ukieleza unarudi kwenye kimo gani. Hakuna maelezo mengine katikati.

Masafa_118

Nijibu upande wa mnara. Mwongoza ndege akisikia "TCAS RA", anajibu amepokea na anaacha kumpa rubani huyo maelekezo ya kubadilisha njia. Jukumu la kumtenganisha na anayegombana naye linamtoka hadi rubani aseme amerudi kwenye ruhusa yake. Akilazimika kusema kitu, ataje ndege nyingine ilipo, asiamuru kimo. Wengine wasiohusika bado ni wake.

Sheria hii imeandikwa kwa damu. Januari 2001 nchini Japani, ndege mbili za shirika la JAL zilikaribiana. Mwongozaji alikusudia kuishusha ndege 958, akataja 907. TCAS ya 907 ikasema panda, rubani akaendelea kushuka kama alivyoambiwa na mnara, na 958 ikashuka kwa TCAS. Zilipishana kwa karibu mno, watu wapatao 100 wakajeruhiwa, hakuna aliyekufa. Miezi 17 baadaye haikuwa hivyo.

Tarehe 1 Julai 2002, Überlingen, Ujerumani. Tupolev 154 na Boeing 757 ya mizigo, zote futi 36,000, zikiongozwa kutoka Zurich. Mwongozaji mmoja alikuwa na vituo viwili vya kazi, mfumo wa kuonya kwenye rada ulikuwa umepunguzwa uwezo kwa matengenezo, na laini kuu ya simu imezimwa. Saa kwa muda wa dunia: 21:34:42 TA kwenye ndege zote mbili. 21:34:49 mwongozaji anaiambia Tupolev ishuke. 21:34:56, sekunde 7 baadaye, TCAS ya Tupolev inasema panda, na ya Boeing inasema shuka. Boeing inatii. Tupolev inaendelea kushuka, na mwongozaji anarudia aharakishe. 21:35:32 zinagongana. Watu 71, wengi wao watoto.

Angalieni zile sekunde 7. Rubani alishaanza kufuata sauti ya binadamu, na miongozo ya wakati ule haikuwa na lugha moja kuhusu nani anayesikilizwa. Leo haina mjadala: RA inaipiku amri ya mnara, na hata kama unamwona mwenzako kwa macho huendi kinyume cha RA. Huenda unayemwona siye anayekutishia.

Mwanafunzi_wa_Anga

Na zilijuaje moja ipande nyingine ishuke? Zingeweza kuchagua kupanda zote?

Fundi_Transponda

Transponda za Modi S zinazungumza. TCAS ya kwanza kuamua hutuma ujumbe kwa megahezi 1030: "usipite juu yangu" au "usipite chini yangu". Ya pili inalazimika kuchagua kinachobaki. Zikichagua kwa wakati mmoja na zikafanana, yenye anwani kubwa ya Modi S inabadilisha. Anwani hiyo ina biti 24 na kila ndege ina yake. Ndiyo maana fundi akibadilisha transponda na kuingiza anwani kimakosa, ndege mbili zikawa na moja, ni hatari ya kweli. TCAS hupuuza majibu yanayobeba anwani yake yenyewe.

Jambo lingine: toleo 7.1 liliongeza uwezo wa kutambua kwamba ndege mbili zinapanda au kushuka pamoja zikiwa ndani ya futi 100 za kimo, na kugeuza amri mapema. Toleo hilo hilo ndilo lililoleta "Level off, level off" badala ya "Adjust vertical speed, adjust" (rekebisha kasi ya wima), kwa sababu marubani wengine waliisikia ile ya zamani wakaongeza kasi badala ya kupunguza. Ulaya ilililazimisha kwa ndege zote zinazohusika kufikia tarehe 1 Desemba 2015.

Kibo_Mawenzi

Rubani akisahau kuweka shinikizo la uwanja kwenye altimita, TCAS si itadanganyika?

Fundi_Transponda

Hapana, na watu wengi hukosea hapa. Transponda hutuma kimo cha shinikizo la hektopaskali 1013.25 siku zote, bila kujali kitufe cha rubani kiko wapi. Ndege zote zinapimwa kwa rula moja.

Kinachodanganya ni kifaa chenyewe. Mrija wa hewa tuli ukivuja, mnara na TCAS vyote vinaona kimo cha uongo. Kwenye ndege ndogo za zamani kuna enkoda inayotuma kimo kwa waya nyingi sambamba. Waya mmoja ukikatika au pini ikishika kutu, kimo kinaruka mamia au maelfu ya futi kwenye vimo fulani tu, kisha kinarudi sawa. Fundi anayepima akiwa ardhini pekee hatauona ugonjwa huo. Lazima ushushe shinikizo kwa kifaa cha kupimia hatua kwa hatua hadi kimo cha juu cha ndege na ulinganishe. Nchini Marekani tofauti inayokubalika na altimita ni futi 125, na transponda hupimwa kila miezi 24.

Antena nayo. Kwenye Cessna iko tumboni, ndogo kama pezi au kijiti chenye kichwa. Ikifunikwa na mafuta ya injini na tope la kiwanja cha changarawe, nguvu inapungua. Ndege ikilala kwenye kona, tumbo linatazama upande mwingine na jibu halimfikii aliye juu. Futa antena kwa kitambaa kila ukaguzi, usiipake rangi.

Usukani_Kushoto

Kuhusu RA za bure. Nyingi zinasababishwa na kupanda kwa kasi hadi dakika ya mwisho. Mfano: mwenzako ametulia futi 35,000, wewe unapanda kwenda 34,000 kwa futi 3,000 kwa dakika. Hiyo ni futi 50 kwa sekunde. Ukifika 33,250 umebakisha futi 1,750 kumfikia, sekunde 35. TCAS haijui kwamba unakusudia kusimama 34,000, inaona mstari unaokwenda moja kwa moja. RA inatoka. Ungepunguza hadi futi 1,500 kwa dakika ukibakiza futi 1,000, hata ukiwa 34,000 kamili hesabu ingesema sekunde 40, na RA isingetoka. Futi 1,000 za mwisho, kasi 1,500 au chini. Ni rahisi na inawaondolea abiria mshtuko.

Savana_208

Wakuu mnaongelea ndege kubwa. Kanuni ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inalazimisha TCAS II kwa ndege za injini ya tabaini zenye uzito wa juu ya kilo 5,700 au viti vya abiria zaidi ya 19. Caravan, ndege ndogo za injini moja za Zanzibar, Arusha na Serengeti, hazifiki hapo. Kwenye kiwanja cha mbugani chenye ndege sita asubuhi, hakuna mnara, kila mtu anategemea masafa ya pamoja na macho.

Masafa_118

Ndiyo maana kusema ulipo ni sehemu ya mfumo wa kuzuia mgongano sawa na kompyuta. Barani Afrika kuna megahezi 126.9 kwa anga ambako mawasiliano na vituo ni dhaifu, ikiwemo sehemu kubwa ya Kongo. Unataja namba ya safari, kimo, unakotoka na unakokwenda, njia, na saa utakayofika pointi inayofuata. Unarudia angalau kila dakika 20 na kabla ya kubadili kimo. Panaporuhusiwa, unakaa maili 1 au 2 kulia kwa mstari wa njia, kwa sababu vifaa vya satelaiti vimekuwa sahihi mno na ndege mbili za njia moja sasa zinapita mstari ule ule hasa.

Septemba 1997, nje ya pwani ya Namibia, Tupolev ya jeshi la Ujerumani na C-141 ya jeshi la Marekani ziligongana futi 35,000. Watu 33 walikufa. Hakuna iliyokuwa na TCAS, na Tupolev haikuwa kwenye kimo kilichoandikwa kwenye mpango wake wa safari.

Mwanafunzi_wa_Anga

Kwa hiyo Caravan yenye transponda tu, bila TCAS, inasaidika?

Mlinda_Anga

Inasaidia sana, mradi inatoa kimo. Hapa ndipo penye kiini cha uzi wote. Ikijibu kwa Modi C au S, ndege ya abiria ATR inayokuja itaiona, itapiga hesabu na kutoa RA, ingawa ATR ndiyo itakayokwepa peke yake. Ikijibu Modi A, yaani namba bila kimo, ATR itapata TA tu na haitaamriwa chochote, hata zikiwa kimo kimoja. Ikiwa imezimwa, ni hewa tupu. Septemba 2006 Brazil, Boeing 737 na jeti ndogo aina ya Legacy zilikuwa futi 37,000 uso kwa uso, zote zina TCAS nzuri. Transponda ya Legacy haikuwa inatuma. TCAS zote mbili zikakaa kimya, 154 kwenye Boeing wakafa.

Savana_208

Kwa hiyo kwenye Caravan au Cessna, kabla ya kuingia barabara ya kurukia: kitufe kiwe ALT, siyo ON. ON kwenye transponda nyingi ni Modi A pekee. Angalia taa ya majibu inameta. Kama skrini yako inaonyesha kimo kinachotumwa, mfano "FL 046" (futi 4,600) Arusha, linganisha na altimita ikiwekwa 1013 kwa muda, kisha rudisha shinikizo la uwanja. Ukishapaa omba mnara au kituo chochote chenye rada wakusomee kimo wanachokiona. Tofauti ikizidi futi 300 watakuambia usimamishe Modi C, na hapo ujue kila ndege yenye TCAS inayokupita inakuona bila kimo. Iandike kwenye kitabu cha ndege siku hiyo hiyo.